Bukavu: kwa nini ampli ya fundi inakufa mbele ya mwezi kuisha?

Kule Kadutu, fundi wa radio hatupi kitu. Transfo ya radio-kaseti iliyokufa, bafle ya gari, alimini ya kompyuta ya zamani: vyote vinangojea siku yao. Na siku hiyo imefika. Tangu M23 ilipoingia Bukavu mwezi wa pili 2025, banki zilifunga, ndege za abiria zikaacha kutua Kavumu, na franga zikakuwa ngumu kuona. Kanisa dogo lenye kuhitaji sauti, ao jamaa yenye matanga, itatoa wapi dola za ampli mupya? Inaenda kwa fundi.

Hapo hakuna cha kucheka. Kule Kinshasa, kundi Konono N°1 la muzee Mawangu Mingiedi lilitengeneza mikro za likembe kwa sumaku za magari ya zamani, na albamu yao Congotronics, ya mwaka 2004, ikazunguka dunia. Lakini wakaaji wa Bukavu wana ulizo lingine: kwa nini ampli inaimba vizuri siku ya kwanza, kisha inanyamaza?

Wengi wanasema piesi ni za bandia. Mara nyingine ni kweli. Lakini tufanye hesabu kidogo.

Kuna piesi moja ambayo mafundi wanaijua sana, TDA2030, kidude cha miguu mitano. Kinaweza kulishwa umeme wa pande mbili, na karatasi ya kiwanda inasema kisipite volti 18 kila upande. Fundi anachukua transfo ya 12-0-12. Ikipita kwenyi diode na kondensatere, zile volti 12 zinapanda karibu 16. Bado kuna nafasi. Ila hesabu hiyo ni ya volti 220. Umeme ukikatika kisha ukarudi kwa nguvu, tuseme volti 250 kwenyi prizi, kila upande unapita 18. Piesi inakufa, hata kama ilikuwa ya kweli kabisa. Usiku majirani wote wakiwasha, volti zinashuka na sauti inaanza kukwaruza. Aliyechora ule mupango hakuwa anaishi huku kwetu, pembeni ya Ruzizi, mto wenye mabwawa mawili ya umeme: moja la miaka ya 1950, lingine la 1989 ambalo Kongo inagawana na Rwanda na Burundi.

Njo maana fundi mwenye akili anachagua transfo ya 9-0-9. Wati zinapunguka, ni kweli. Lakini hata prizi ikifika volti 250, kila upande unabaki kwenyi 14 hivi, na ampli inaona mwaka.

Wengine wanakimbia umeme wa muji na kutumia batri ya gari. Huko kuna uongo mwingine: ule ulioandikwa mbele ya kisanduku, «wati 1000». Fuzi ya amperi 10 kwa volti 12 inalisha wati 120, basi. Hizo 1000 zitatoka wapi? Mwenye ampli anasukuma sauti, fuzi inaungua, anaweka ingine, inaungua tena, mwishowe anafunga kipande cha waya mahali pa fuzi. Hapo sasa si mambo ya muziki tena. Batri ya gari, waya zake zikigusana, inaweza kutoa mamia ya amperi, na waya mwembamba unakuwa mwekundu mara moja. Kwenyi nyumba za mbao zilizobanana vile, kila mutu wa Kadutu anajua moto unafika wapi mbele watu hawajaleta maji.

Fuzi inapaswa kukaa karibu kabisa na batri, si ndani ya ampli tu, ju waya ulio katikati nao unaweza kuwaka. Siku ya kuchukua ampli yako, mwombe fundi akuonyeshe fuzi iko wapi na ni ya amperi ngapi. Na ukitumia umeme wa prizi, muulize transfo ni ya volti ngapi mbele ya kumuuliza bei.