Kesi ya mtoto ikimalizwa nyumbani, nani anabaki kumlinda?

Iwe uko Kibondo au Kasulu, mtoto akifanyiwa ukatili, polisi si wa kwanza kujua. Wa kwanza ni jirani anayesikia kilio, bibi anayemwogesha, au mwalimu anayeona mtoto mchangamfu amenyamaza ghafla. Wakinyamaza hao, hakuna ofisi itakayojua.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 ulionyesha kuwa karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Karibu nusu ya wasichana hao hawakumwambia mtu yeyote. Miongoni mwa waliotajwa sana kuwafanyia hivyo ni majirani.

Kwa nini tunanyamaza?

Mara nyingi familia mbili hukaa, fedha au mbuzi hutolewa, na shauri hufungwa. Tunaelewa hofu iliyopo: uhasama wa koo, aibu kwa binti, au mtuhumiwa kuwa ndiye anayelisha nyumba. Lakini fidia hiyo huishia kwa wakubwa. Mtoto anabaki na maumivu yake, na mtuhumiwa anabaki kijijini, karibu na watoto wengine. Kisheria, ubakaji ni jinai. Mzazi hana mamlaka ya kuusamehe kwa niaba ya mtoto.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 95, inampa kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa wajibu wa kuzifikisha serikali za mitaa. Haisemi mzazi tu, wala ndugu tu. Na mtoto wa mkimbizi ni mtoto pia.

Mtu mzima afanye nini?

Kwanza, zuia mapema. Mtu akija kuchukua mtoto kwenda kazi za ndani mjini au mashamba ya tumbaku, muulize: wewe ni nani, unampeleka kwa nani, na tutampataje kwa simu? Akikwepa maswali, mwite mwenyekiti wa kitongoji kabla mtoto hajapanda gari. Mnapokwenda mashamba ya mbali, kubalianeni mapema nani atabaki na watoto.

Pili, mtoto akikwambia jambo, msikilize. Usimkaripie, usimlazimishe kurudia mbele ya watu. Mwambie kosa si lake.

Tatu, wahi. Kama amebakwa, asioge na nguo zisifuliwe, kwa sababu huo ni ushahidi. Mpelekeni kituo cha afya haraka: dawa za kuzuia maambukizi ya VVU huanzwa ndani ya saa 72, na zikiwahi ndivyo zinavyosaidia zaidi.

Nne, toa taarifa kwa mtendaji wa kijiji, afisa ustawi wa jamii, au Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Unaweza pia kupiga 116, namba ya bure ya msaada kwa mtoto, hata kama huna salio.

Tano, na hapa ndipo wengi tunapoishia njiani: ukiitwa mahakamani, nenda. Kesi nyingi hudhoofika kwa sababu mashahidi hawatokei. Mtoto mwenyewe anaweza kutoa ushahidi bila kiapo, akiahidi kusema kweli. Kama yeye anaweza kusimama na kusema, sisi wakubwa tusimwache asimame peke yake.