Acheni kubandika delay() kila baiti zinapopotea

Jamani, nimechoka. Kila nikiletewa programu ya Arduino iliyokwama nakutana na kiraka kile kile: delay(10), juu kidogo ya mstari unaosoma data. Ukiuliza ni ya nini unaambiwa, "Bila hiyo haifanyi kazi." Hilo si jibu. Ni kuziba tangi la petroli linalovuja kwa sabuni ya kipande: utafika nyumbani, lakini tangi bado limetoboka.

Tuanze na hesabu. Kwa kasi ya 9600, kila baiti hutumwa na biti 10: moja ya kuanza, nane za data, moja ya kumaliza. Hizo ni baiti 960 kwa sekunde, yaani zaidi kidogo ya milisekunde moja kwa kila baiti. Arduino Uno hupiga mizunguko milioni 16 kwa sekunde. Kati ya baiti moja na inayofuata ina mizunguko zaidi ya 16,000 ya kukaa ikingoja. Kwa mashine hiyo, huo ni mwaka mzima.

Sasa chukua kipimo cha tangi la maji kinachotuma kina cha sentimita 300 kwa baiti mbili: 1, kisha 44 (1 × 256 + 44). Programu yako inaona Serial.available() imezidi sifuri, inashangilia, na inasoma mara mbili papo hapo. Baiti ya kwanza ipo. Ya pili bado iko njiani, kwa hiyo Serial.read() inarudisha -1. Ukiiweka -1 ndani ya baiti inakuwa 255. Sentimita 300 zimegeuka 511! Kisha ile 44 iliyochelewa inachukuliwa kuwa mwanzo wa kipimo kinachofuata, na ikiunganishwa na 1 unapata 11265. Tangi lenye kina cha mita 112, jamani. Pampu ikitii namba hiyo, watu watalala bila maji huku mtambo ukisema tangi limejaa.

"Lakini delay(10) imetibu!" Imetibu mezani kwako. Ongeza kasi hadi 115200, data ikimiminika bila kukoma, na ndani ya milisekunde hizo 10 zitafika baiti kama 115. Bafa ya Uno ina nafasi 64. Zinazozidi hutupwa kimya kimya, bila onyo lolote. Dawa yako imekuwa ugonjwa.

Ukweli ni huu: waya wa seriali haujui ujumbe ni nini. Unajua baiti tu. Mwanzo na mwisho wa ujumbe ni kazi yako wewe mwandishi wa programu, na wazee wa fani hii walishaifanya zamani. Modbus ya 1979 hutenganisha jumbe kwa ukimya wa muda wa herufi tatu na nusu, kisha huweka baiti mbili za kuhakiki. SLIP, iliyoandikwa rasmi mwaka 1988, humaliza kila pakiti kwa baiti 192. 192 ikitokea ndani ya data, hutumwa 219 na 220 badala yake. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Kwa hiyo fanya hivi. Weka alama ya mwanzo, urefu, data, na jumla ya kuhakiki. Kila mzunguko wa loop() chukua baiti zilizopo tu, ziweke kwenye safu, endelea na kazi nyingine. Usiguse namba yoyote mpaka ujumbe utimie na jumla ilingane. Isipolingana, tupa, ngoja alama mpya. Ujumbe ukikatika katikati, hesabu muda kwa millis() na uanze upya. Ni mistari kama 30 hivi.

Na nyinyi mnaofundisha vijana, tafadhali: mwanafunzi akileta delay(10), msimpe alama. Mwambieni ahesabu baiti.