Jua Lasingiziwa

Mtoto afugaye sungura Magunga, katika nchi ya Gwassi karibu na Ziwa Victoria, humkuta mnyama wake amekufa adhuhuri ya Januari, na wakubwa humwambia, "Ni jua tu, sungura si mnyama wa huku." Kauli hiyo naikataa. Jua lilikuwapo kabla ya kizimba. Aulizwe aliyekiezeka bati tupu, akakiweka uwanjani pasipo kivuli, kisha akakiziba pande zote kwa kuhofia paka na nguchiro.

Msomaji, mjue mnyama huyu kabla ya kumhukumu. Asili yake ni Hispania na Ureno, ambako kiangazi si cha mchezo. Lakini huko huchimba shimo, akajificha humo mchana wa joto. Sisi tumemnyima shimo tukampa sanduku. Hatoi jasho kama wewe. Joto lake hulitoa zaidi kwa masikio, ambamo damu hupita karibu na ngozi ikapozwa na upepo. Je, hewa ya moto isiyotembea itampoza nani? Ikipita nyuzi 30 za Selsiasi huanza kutaabika, na dume aliyeponea chupuchupu huweza kukaa majuma kadhaa bila uwezo wa kuzalisha.

Wako wasemao kwamba sungura ashibaye majani mabichi hahitaji maji. Huu ni uvivu uliovikwa joho la elimu! Ahitaji maji safi usiku na mchana, na wakati wa joto zaidi. Yatie katika bakuli zito la udongo, asije akalipindua.

Wengine hulia umaskini. Lakini kivuli cha mwembe hakitozwi kodi, nyasi za kutandaza juu ya bati hukatwa kwa panga la nyumbani, na wavu wa chuma upande upepo uvumako huzuia paka wala hauzuii hewa.

Ukimkuta anahema kwa kasi, masikio yake ya moto na mate yakimtoka, mpeleke kivulini umlowanishe masikio kwa maji ya mtungini. Usimtose ndooni, maana mshtuko waweza kumwua.

Na wewe ambaye bado walilaumu jua, ngoja Jumamosi saa nane mchana, utie mkono kizimbani na kuuacha humo mpaka uhesabu mia. Kisha njoo tuzungumze.