Tahadhari: Usiibebe Sauti Isiyo na Mwenyewe

Ndugu zangu wa Kisumu, Siaya, Homa Bay, Migori na fukwe zote za ziwa kuanzia Usenge hadi Mbita, uchaguzi mkuu ni tarehe 10 Agosti 2027, na tayari lugha ya makundi yetu ya WhatsApp imebadilika. Makundi yaliyofunguliwa kwa mchango wa matanga, kwa chama cha akina mama, kwa wavuvi kupashana habari za upepo, sasa yanaamshwa usiku wa manane na ujumbe wa sauti usio na jina. Ninaandika mapema kwa makusudi. Tukingoja Julai 2027 ndipo tuonyane, tutakuwa tunaonyana huku moshi umeshapanda.

Wengi huzungumza juu ya uongo wa mitandaoni kana kwamba wanaoueneza ni watu wabaya. Mimi naona unaenezwa zaidi na watu wema waliopandwa na hasira. Uko kitandani, saa tano usiku, simu inalia. Mtu usiyemjua amesema jambo juu ya watu wako: kwamba kura zenu hazina maana, kwamba mtoto wa kwenu hataingia Ikulu kamwe. Moyo unaenda mbio. Kifua kinabana. Vidole vinaanza kuandika na bado hujamaliza kusoma. Unajibu kwa ukali, na papo hapo watu watatu wanakuunga mkono, mmoja yuko Mombasa, mwingine Toronto. Hiyo ni raha ya kweli na siidharau. Mtu aliyeshinda siku nzima akipuuzwa, kwa chifu, hospitalini, kwenye foleni ya kutafuta kibarua, anajikuta anasikilizwa na umati. Kisha anakuja wa kumtukana, naye hawezi kulala kabla hajamjibu. Asubuhi anaamka na macho mekundu, bando limekwisha, na jambo lenyewe lililobishaniwa halikumbuki vizuri.

Hasira hiyo ina wanaofaidika nayo. Mwaka 2021 Frances Haugen, aliyekuwa mfanyakazi wa Facebook, alitoa nyaraka za ndani za kampuni hiyo. Zilionyesha kwamba kuanzia 2017, katika kupima ni chapisho lipi lisukumwe mbele ya watu wengi, alama za hisia, ukiwemo uso wa hasira, zilipewa uzito mara 5 ya alama ya kawaida ya kupenda. Baadaye uzito wa uso wa hasira uliondolewa. Lakini mwaka 2017 ndio ule wetu wa uchaguzi uliofutwa na Mahakama ya Juu na kurudiwa Oktoba. Kila aliyebonyeza uso mwekundu kulaani ujumbe wa chuki alikuwa anausaidia kufika mbali zaidi.

Na huku kwetu, maneno yakifika mbali huishia kwenye miili ya watu. Waliokuwa watu wazima mwaka 2007 wanazikumbuka zile SMS. Hakukuwa na WhatsApp wala TikTok. Maneno machache tu kwenye simu ndogo, yakitaja kabila na kutaka watu wafukuzwe. Serikali ilifikiria kuzima SMS nchi nzima. Safaricom, chini ya Michael Joseph, ikashauri kwamba ni afadhali Wakenya watumiwe ujumbe wa kuwatuliza, na ndivyo ilivyofanyika. Tume ya Jaji Philip Waki ilihesabu vifo 1,133 katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa mwaka huo. Nyanza wengi walikufa kwa risasi. Maduka yaliteketea katikati ya mji wa Kisumu, na majirani wa makabila mengine walikimbilia vituo vya polisi wakiwa na watoto na magodoro. Mpaka leo waliozitunga zile SMS wengi wao hawajulikani, lakini makaburi yanajulikana yalipo.

Agosti 2017, polisi walipoingia mitaani baada ya matokeo kutangazwa, mtoto wa kike wa miezi 6 alipigwa ndani ya nyumba yao Nyalenda, akafariki siku chache baadaye. Mtoto huyo hakuwa ameandika neno lolote popote. Lawama ya damu yake ni ya waliompiga, na sitaki mtu yeyote aihamishie kwa wakazi wa mtaa. Ninachosema ni hiki: ujumbe wa uongo unaowatoa vijana nje usiku unawapeleka mbele ya bunduki, na aliyeutunga huwa hayupo Kondele. Huenda yuko Nairobi kwenye ofisi yenye feni. Huenda yuko ughaibuni, ambako polisi wa Kenya hawawezi kumvunjia mlango.

Hata kesi ya majirani zetu wa Ethiopia iko hapa kwetu. Abrham Meareg alifungua mashtaka Nairobi mwaka 2022 dhidi ya Meta, kampuni mama ya Facebook. Baba yake, Meareg Amare, profesa wa kemia, aliuawa kwa risasi nje ya nyumba yake Bahir Dar mnamo Novemba 2021, baada ya machapisho ya Facebook kumtaja kwa jina na kumsingizia. Mwana anasema aliyaripoti machapisho hayo zaidi ya mara moja na hayakuondolewa kwa wakati. Aprili 2025 Mahakama Kuu ilikubali kwamba kesi inaweza kusikilizwa Kenya. Nawaomba mlizingatie hilo, ninyi mnaodhani kampuni itawahi kuzima moto kabla haujafika nyumbani kwenu.

Upande wa pili wa hatari, ule unaomwangukia anayeandika, tunaujua kwa jina. Albert Ojwang, mwalimu wa miaka 31, alikamatwa nyumbani kwao kaunti ya Homa Bay tarehe 7 Juni 2025 kwa sababu ya chapisho kwenye mtandao wa X lililomhusu naibu inspekta jenerali wa polisi. Alisafirishwa zaidi ya kilomita 300 hadi kituo cha Central, Nairobi. Kesho yake alikuwa maiti. Polisi walisema alijigonga kichwa ukutani. Upasuaji wa maiti ukaonyesha majeraha ya kichwa, shingo iliyobanwa na vidonda sehemu nyingi za mwili. Watu kadhaa, wakiwemo polisi, walishtakiwa kwa mauaji. Simtaji ili kuwatisha mnyamaze. Kumkosoa mkubwa si kosa, na aliyekufa kwa ajili ya chapisho hakustahili hata kofi. Namtaja kwa sababu anayeingia kwenye mazungumzo ya mitandaoni akidhani yuko sebuleni kwake anajidanganya. Kila neno linasomwa na watu asiowaona, na picha ya skrini haifutiki. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 inatoa faini ya hadi shilingi milioni 1 au kifungo cha hadi miaka 3, au vyote viwili, kwa matamshi ya chuki. Ukimkosoa afisa kwa ushahidi, una mahali pa kusimama. Ukisambaza maneno ya kabila fulani wachinjwe, huna.

Sasa sikilizeni jinsi ule ujumbe wa sauti usio na jina unavyoundwa, maana ukishaujua umbo lake utautambua. Huanza na pumzi za mtu anayetembea haraka. Sauti imeshushwa, kama anayejificha. Anasema yuko na jamaa anayefanya kazi “mahali pakubwa”, hamtaji. Anataja sehemu unayoijua, Mamboleo au Obunga, ili ujione ndani ya habari. Kuna malori, kuna watu wasio na sare, kuna masanduku. Hatoi tarehe. Mwishoni anakuambia usikae nayo peke yako, watumie watu wako. Sauti ile ile inaweza kusikika tena mwaka mwingine, malori yale yale. Na siku hizi hata sauti ya kiongozi unayemjua inaweza kutengenezwa kwa kompyuta kutokana na sekunde chache za hotuba yake, kwa hiyo kusema “nimemsikia kwa masikio yangu” hakutoshi tena.

WhatsApp yenyewe hukupa dalili. Ujumbe uliopita mikononi mwa wengi huwekwa mishale miwili juu yake, na tangu Aprili 2020 huwezi kuutuma kwa zaidi ya mtu mmoja au kundi moja kwa wakati mmoja. Ukiiona mishale hiyo, jua aliyekutumia si shahidi. Muulize tu: “Ndugu, uliyaona haya mwenyewe? Lini?” Mara nyingi jibu ni kwamba alitumiwa na shemeji, naye shemeji alitumiwa.

TikTok nayo isisahaulike kwa kuwa ni ya vijana. Mwaka 2022 mtafiti Mkenya Odanga Madung, akifanya kazi na Mozilla, alikusanya zaidi ya video 130 za uchochezi na upotoshaji kuhusu uchaguzi wetu, zilizokuwa zimetazamwa zaidi ya mara milioni 4. Baadhi zilitumia picha za ghasia za zamani kuamsha hofu mpya.

Kuhusu matokeo, dawa ipo na haigharimu bando. Nakala ya Fomu 34A hubandikwa kwenye mlango wa kituo cha kupigia kura baada ya kuhesabu, na mwaka 2022 tume ya uchaguzi, IEBC, iliziweka fomu za karibu vituo vyote kwenye tovuti yake ili kila mtu azione. Takwimu ya kituo chako ikitajwa kundini, nenda shuleni ulikopigia kura, usome karatasi, uipige picha. Mtu mmoja mwenye picha ya fomu ana uzito kuliko makelele ya watu mia mbili.

Oktoba 2025 tuliona uvumi unavyotuchosha mpaka ukweli ukija haupokelewi. Habari za kuugua kwa Raila Odinga zilikuwa zimezagaa kwa siku kadhaa, zikikanushwa na kurudi tena. Alipofariki kweli nchini India tarehe 15 Oktoba, kulikuwa na waliokataa kuamini hata baada ya tangazo rasmi. Siku ambayo tangazo la kweli litahitaji kuwatoa watu Dunga au Nyando kwa sababu ya mafuriko, nani atalisadiki?

Kwa hiyo nawaomba, na ninaomba kwa dhati. Kijana, damu ikichemka weka simu chini mpaka asubuhi. Hoja yako haitaoza. Wachungaji na maimamu, lisemeni hili madhabahuni na misikitini kabla wanasiasa hawajafika na vipaza sauti. Ninyi wa ughaibuni, kabla ya kuandika “tokeni barabarani”, kumbukeni ni mtoto wa nani atakayetoka. Na wewe admini wa kundi lolote pwani hii ya ziwa, leo jioni andika kanuni hii na uibandike juu: ujumbe wa sauti usio na jina la msemaji, tarehe na mahali haukai humu. Ukiingia, ufute, kisha mpigie simu aliyeutuma umweleze kwa heshima. Na usiku wa kungoja matokeo, zima kundi ili admini peke yao waweze kuandika, mpaka kupambazuke.