Madina Nayo Ni Darasa

Mwandishi mmoja ameonya kwamba kijana wetu aliyepata nafasi Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Madina, akionekana anazunguka mjini na marafiki, anachezea fursa. Vitabu kwanza, anasema. Hoja hiyo ina sura ya uchamungu, lakini haisimami.

Chuo hicho kilianzishwa mwaka 1961 na hupokea wanafunzi kutoka kila pembe ya dunia. Kama shabaha ingekuwa vitabu peke yake, si vingeletwa Tanga kwa meli?

Anayesoma sira ya Mtume chumbani anajua kwamba katika vita vya Uhud, mwaka 625, wapiga mishale wa Waislamu waliacha kilima chao. Akikipanda na wenzake kutoka Indonesia na Nigeria, anashangaa kilivyo kifupi. Hapo ndipo anaelewa jinsi kuondoka kwao kulivyowafungulia njia wapanda farasi wa adui chini ya Khalid bin Walid.

Na Kiarabu je? Msambaa, Mjava na Mhausa wakienda pamoja kupatana bei ya tende za ajwa, hawana lugha nyingine ya kusemezana, kutaniana wala kugombana. Mtihani gani unamshurutisha mtu kuzungumza kiasi hicho?

Anayekosa vipindi akemewe, tena bila haya. Lakini ukorofi wake usiwe kufuli kwa wengine. Mkaa bure si sawa na mtembea bure. Sembuse anayetembea Madina? Mzazi akipiga simu kuuliza alama, aulize pia: umekwenda wapi, na nani?