Kaunti Iinunulie Rhonda Ploti

Watoto wa mtaa wa Rhonda, Nakuru, hukulia jirani na mojawapo ya mbuga mashuhuri zaidi Kenya. Ziwa Nakuru lilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1968, na miaka ya 1980 mbuga ikazungushiwa ua wa umeme ili vifaru wawe salama. Eneo lake ni kama kilomita za mraba 188. Watoto wenyewe wanachezea mpira wa matambara kichochoroni, magoli ni mawe, na bodaboda ikipiga honi mechi inasimama.

Sioni kosa la KWS, shirika la wanyamapori, hapa. Hakuna mzazi anayetaka mwanawe acheze na nyati. Shida ilianzia kwenye ramani. Sehemu kubwa ya magharibi mwa Nakuru ilikuwa mashamba ya walowezi, na baada ya uhuru vyama na kampuni za ununuzi wa ardhi zikayanunua. Wanahisa walikuwa wamechanga kwa jasho, kila mmoja akingojea ploti yake; nani angekubali kipande kiachwe nyasi? Kisha ploti zikajaa vyumba vya kupangisha, mlango kwa mlango.

Mwaka 1989 Wangari Maathai alipopinga jumba la ghorofa 60 kujengwa Uhuru Park, Nairobi, bustani ilikuwa imeshatengwa miaka 20 kabla. Alikuwa na kitu cha kutetea. Rhonda haina; kwanza inunuliwe ploti ya bustani.

Wapo wanaosema Nyayo Gardens, kule katikati ya mji, inatosha. Kwa kijana anayepumzika akitafuta kazi, sawa. Mama mwenye mtoto wa miaka minne apande matatu kwenda kumchezesha? Ukingo wa Mto Njoro nao ni wa bure, hadi mvua inyeshe. Viwanja vya shule vifunguliwe Jumamosi, naam, lakini mwalimu mkuu asiachiwe mzigo wa mtoto aliyevunjika mguu.

Ibara ya 40 ya Katiba inaruhusu ardhi ya mtu kuchukuliwa kwa manufaa ya umma, mradi alipwe fidia ya haki bila kucheleweshwa. Ploti mbili tatu zinazopakana zatosha: miti ya kivuli, benchi, choo, bomba, taa. Tangu Nakuru iwe jiji, Desemba 2021, kungoja hakujapunguza bei.

Kinachonisumbua ni wapangaji. Fidia humfikia mwenye ploti. Mpangaji hubeba godoro lake akatafute chumba kingine. Kaunti ianze na ploti ambazo bado hazijajengwa, hata zikiwa pembeni, na popote itakapolazimika kubomoa, bajeti iwe na pesa za kuwahamisha wapangaji kabla tingatinga halijafika.