Vipuri Siyo Benki
Na Bi Zuhura

Jumanne nilikuwa kwa mama mmoja anayeuza vipuri vya magari Gerezani, Kariakoo. Ana wasaidizi wawili na kompyuta moja. Akaingia kijana mwenye tai kumwuzia “mfumo”: seva mbili, leseni ya kulipia kwa dola kila mwaka, kanzidata ileile ya mabenki.

Hakuuliza mama anaandika risiti ngapi kwa siku. Hakuuliza ni wangapi wataandika kwa wakati mmoja. Hakuuliza umeme ukikatika itakuwaje, na jenereta za majirani zinanguruma barazani! Aliuliza malipo ya awali tu.

Nikaingilia. Mama, kwenye simu yako imo tayari kanzidata ya SQLite, aliyoianzisha Richard Hipp mwaka 2000. Ni faili moja, leseni hailipiwi, na umeme ukikatika katikati ya mauzo, ama yameandikwa yote ama hayakuandikwa kabisa. Duka la kompyuta moja halihitaji zaidi. Siku wakiwa wengi wanaoandika kwa pamoja kutoka mashine tofauti, chukua PostgreSQL au MariaDB, nazo bure. Hiyo ya mwisho mwanzilishi wake, Michael Widenius, aliipa jina la binti yake, na mzazi hampi kitu cha ovyo jina la mwanawe.

Kijana akasema basi mama abaki na Excel. Hapana! Mwaka 2020 Uingereza karibu wagonjwa 16,000 wa korona walikosekana kwenye hesabu kwa siku kadhaa, kwa kuwa faili la Excel la mtindo wa zamani hujaa kwenye mstari wa 65,536. Waliokaa karibu nao wakachelewa kutafutwa.

Nikamuuliza kijana: mama akitaka kuhama mfumo wako, anatokaje na orodha ya wadaiwa wake? Akajibu kwamba data hubaki kwa kampuni. Kwa kampuni! Deni la fundi, namba ya simu ya dereva, vyote vishikwe na mtu asiyejua hata bei ya plagi.

Mama, usisaini. Na wewe kijana, ukirudi njoo na karatasi inayosema data ni ya mama, na anaichukua siku anayotaka bila kukulipa hata senti.